Mwelekeo, Malengo na Chumvi

Kwa heshima na taadhima, wananchi wa Louhikylä, kijiji cha Kifini, na vitongoji vyake, walio hai pamoja na wale wanaopumua tu, wanatangaziwa kwamba Bi. Maire Hyttinen, mjane, dereva mstaafu wa basi la maktaba, mwenye boti moja inayovuja na kompyuta moja aliyoachiwa na binti yake, ameamua kuanzisha blogu. Blogu hiyo itakuwa na mwelekeo. Itakuwa na malengo ya muda mfupi, ya muda wa kati na ya muda mrefu. Mwenyezi Mungu ainusuru halmashauri yetu.

Tangazo hilo halikubandikwa popote, wala halikuhitajika. Kwetu habari ikiwa kubwa kweli, huwa haizungumzwi kabisa. Siku watu walipoanza kupishana na Maire dukani wakimwinamishia kichwa kidogo kuliko kawaida, ilikuwa wazi kwamba kijiji kizima kimeshajua.

Maire ni mwanamke mpana, mwenye viganja vya kushikia usukani mkubwa. Kwa karibu miaka thelathini aliendesha basi la maktaba kwenye barabara za msituni, akiwapelekea watu vitabu na kuwanyang'anya waliochelewesha. Mchungaji wetu wa kanisa aliwahi kuachwa nje ya basi, mvua inamnyeshea na kola yake, mpaka arudi nyumbani kuleta kitabu cha ufugaji nyuki. "Mungu anasamehe," Maire alimwambia kupitia dirishani. "Maktaba haisamehe."

Anaishi mwisho wa barabara, pale gari la kusukuma theluji linapogeuzia. Tangu Reino, mumewe, afariki, nyumba ile ina sauti mbili tu: redio na jiko la kuni. Watu anawaona Alhamisi. Alhamisi ni supu ya njegere kavu na nyama ya nguruwe, na supu hiyo inaliwa Njiapanda, mgahawa wa wifi yake Orvokki, dada wa marehemu, ubavuni mwa kituo cha mafuta. Mgahawa mwingine hakuna mpaka uendeshe gari karibu saa nzima. Meza ya dirishani ni yao watatu: Maire, mzee Taisto aliyekuwa mkata magogo, na Kaarina, nesi wa zahanati. Viti vile vile, miaka nenda miaka rudi. Taisto husema, "Mvua." Kaarina hujibu, "Ndiyo." Maire akirudi nyumbani, mazungumzo hayo humtosha mpaka Alhamisi nyingine.

Tatizo lilikuwa supu.

Supu ya Orvokki haikuwa na chumvi. Sisemi ilikuwa nayo kidogo. Haikuwa nayo hata ya bahati mbaya. Ilianza siku Kaarina alipokuja na cheti cha halmashauri, kimechorwa moyo mwekundu, kinachosema mgahawa huu unalinda presha za wananchi. Akakigongelea msumari mwenyewe juu ya mashine ya kahawa. Orvokki akaondoa chumvi kwenye sufuria, akaondoa na vikopo vya chumvi mezani, akajifuta mikono, akangoja mtu alalamike.

Hakuna aliyelalamika. Mwaka ukapita, na mwingine, mpaka ikatimia kumi na moja. Kwetu mtu akila akamaliza akanyamaza, amesifu. Akisema "inalika," ni kama amekupendekezea nishani. Watu wakala wakanyamaza, na Orvokki akaendelea kupika.

Basi vuli moja Maire alikwenda Oulu kumwona binti yake. Njiani, kwenye kituo cha mafuta ambacho hata jina lake hakulisoma, akala supu ya njegere. Alisimulia baadaye kwamba kijiko cha kwanza kilipofika mdomoni ilibidi ajifanye anapenga kamasi. Ilikuwa supu ya kawaida tu, ila ina chumvi. Akaagiza sahani ya pili, akala akiwa na hasira. Alipowasha gari kurudi nyumbani, tayari alikuwa na mpango: ataandika blogu ya supu ya Alhamisi, na ataanza na ya kwao.

Kwa nini asimwambie tu Orvokki? Unaona, kumwambia mtu usoni kwamba chakula chake kibaya, huo kwetu ni ushenzi. Lakini kukiandika mahali ambapo dunia nzima itakisoma, hilo ni jambo la faragha kabisa.

Chuo cha watu wazima cha halmashauri kilikuwa na kozi, Jumanne jioni, katika chumba cha watoto wa darasa la pili. "Blogu Yako: Mwelekeo na Malengo." Mkufunzi aliagizwa kutoka mjini. Aliitwa Tuukka, kijana anayevaa skafu ndani ya nyumba, na alikuwa na digrii mbili, jambo alilolitaja kabla ya jina lake. Wanafunzi tulikuwa wachache, tumekalia viti vya watoto, magoti yametufika kidevuni. Mimi nilipelekwa na ofisi ya ajira, baada ya mimi na chuo kikuu kuachana kwa amani. Kaarina alikuja na wazo la blogu ya soksi za kufuma. Maire alikuja na penseli.

"Haya, mama Maire," alisema Tuukka, amesimama mbele ya bango kitita, kalamu rashia mkononi. "Tuanze na mwelekeo. Blogu yako inaelekea wapi?"

"Kwa Orvokki."

"Na Orvokki ni... wazo fulani?"

"Ni wifi yangu."

Tuukka akaandika ORVOKKI, akapiga mstari chini. Alikuwa amefundishwa kutokatisha watu tamaa. "Vizuri. Sasa msomaji wako. Fumba macho umwone. Ana umri gani? Anapenda nini?"

Maire hakufumba kitu. "Ana miaka sitini na tisa. Anapenda asisumbuliwe."

"Kundi zuri sana hilo! Tuseme wako wangapi?"

"Mmoja. Si nimekwambia, Orvokki."

Nyuma mtu alikohoa. Kikohozi kikaambukiza darasa zima.

"Lengo la mwaka wa kwanza?" aliuliza Tuukka, sauti imeanza kupanda.

"Atie chumvi kwenye supu."

"Na la miaka mitano?"

"Kijana, hii ni supu. Unaiinjika asubuhi, mchana imekwisha. Miaka mitano ya nini?"

Hapo Tuukka akaweka kalamu chini, akaketi juu ya dawati, akalainisha sauti kama daktari mwenye majibu mabaya. "Mama, nikwambie ukweli? Watu hawataki supu. Watu wanataka safari ya moyo. Na wewe unayo! Mjane. Ziwa. Ukungu. Tuiite 'Mjane na Ziwa.' Tunapiga picha ya kiti kitupu cha marehemu kando ya maji. Watalia mpaka Helsinki!"

"Reino hajawahi kukaa kando ya maji. Mbu walikuwa wanamtafuna."

"Lakini ule upweke wako..."

"Nani kakuambia mimi mpweke?" Kiti cha mtoto kilipiga kelele Maire alipoinuka. "Mimi naishi peke yangu. Kama hujui tofauti, karudishe hizo digrii. Zote mbili. Ukichelewa kuna faini."

Tuukka akawa mwekundu kuanzia kwenye skafu kwenda juu. Ndipo akatoa alilokuwa ameliweka akiba: kwamba kozi hii inagharamiwa na halmashauri, na afisa maendeleo angependa blogu zote ziwe na mwelekeo chanya, wa kuvutia wageni na familia changa. Kuusema vibaya mgahawa pekee wa kijiji hakukuwa chanya. Angeomba mama afikirie upya mpango wake kabla ya wiki ijayo.

Maire akaenda kwenye bango kitita, akaichana ile karatasi yenye ORVOKKI, akaikunja kwa utaratibu, akaitia mfukoni. Wiki iliyofuata aliirudisha, imemfungia samaki, akamwachia Tuukka juu ya meza. "Karatasi nzito, haivuji," alisema. "Huyo mkaange na siagi. Na utie chumvi." Hakurudi tena kozini.

Ila usiku ule wa kwanza, kwenye korido, Kaarina alimdaka wakati wanavaa makoti.

"Maire, usifanye. Orvokki hatakusamehe."

"Asinisamehe."

"Atakuondoa mezani. Huo mgahawa ni wake. Alhamisi utakula wapi?"

"Nyumbani. Nina sufuria."

"Na nani?"

Zipu ya koti la Maire ilikuwa imekwama. Aliivuta juu, akaivuta chini, akaitukana. Hatimaye Maire akaacha koti wazi, kwenye baridi ile, akamwangalia nesi usoni. "Nikuulize wewe mtu wa afya. Ile supu ina chumvi au haina?"

Kaarina akageukia michoro ya watoto iliyobandikwa ukutani. "Mimi mtumishi wa serikali," akasema.

Blogu ilifunguliwa Ijumaa. Haikuwa na picha, haikuwa na salamu kwa wasomaji wapendwa, wala maelezo ya mwandishi ni nani na anapenda paka wangapi. Iliitwa "Alhamisi." Na hili ndilo lililoandikwa, naliweka hapa lote kwa sababu halichoshi:

"Supu ya Njiapanda ni nzito na ina moto. Nyama ipo. Haradali ipo. Chapati ya maji wanayoioka na jamu ni nzuri. Supu haina chumvi. Mwaka jana haikuwa na chumvi. Reino alikufa akiwa bado anaingoja chumvi. Mimi sitaki kufa hivyo. Maire Hyttinen."

Kule chini palikuwa na namba inayohesabu waliosoma. Kufikia Jumapili namba ile ilikuwa imepita idadi ya watu wa kijiji, pamoja na waliozikwa. Na hakuna mtu, hata mmoja, aliyesema amesoma. Dukani watu walizungumzia barafu. Kanisani mchungaji alihubiri juu ya ulimi, kisha akaonekana kujuta, akageuzia mahubiri kwenye paa linalovuja.

Mtu pekee aliyefungua mdomo ni afisa maendeleo. Alimpigia Maire simu Jumatatu, akajitambulisha kwa cheo kirefu, akaeleza masikitiko ya halmashauri, akaomba maandishi yale yaondolewe kabla hayajadhuru taswira ya eneo.

"Umewahi kuila?" Maire alimuuliza.

"Samahani?"

"Hiyo supu. Njoo uile, halafu ndiyo tuongee." Akakata simu.

Angeweza kukaa nyumbani Alhamisi ile. Binti yake alimsihi kutoka Oulu: mama, acha wiki moja ipite, wapoe. Maire akajibu kwamba wamepoa tangu wazaliwe, ndiyo shida yenyewe. Akavaa koti la kanisani, akachana nywele, akaendesha gari polepole kuliko desturi yake.

Alhamisi ile nusu ya kijiji ilikumbuka ghafla kwamba magari yao yanahitaji mafuta. Njiapanda ilijaa mpaka watu wakasimama kwenye rafu za maji ya kuoshea vioo na mafuta ya breki, kila mmoja ameshika sahani na anatazama sahani. Meza ya dirishani Taisto na Kaarina walikuwa wameshaketi. Kiti cha tatu kilikuwa pale. Juu yake palikuwa na ndoo ya deki.

Maire aliitazama ndoo. Akaishika mkono, akaiweka sakafuni, akaketi.

Orvokki alitoka jikoni. Ni mwembamba, mrefu, amenyooka kama ufagio uliosimamishwa mlangoni, na kwa desturi hampakulii mtu, unajipakulia. Siku hiyo alileta sahani kwa mkono wake, akaiweka mbele ya Maire hata haikutoa sauti.

"Wifi," alisema. "Kula."

Maire akala kijiko kimoja. "Haina chumvi."

"Miaka kumi na moja unakula hapa. Hujawahi kusema."

"Hujawahi kuuliza."

"Unakula unamaliza! Unafuta sahani na mkate! Sasa mimi nijue vipi, nipige ramli?" Sauti ya Orvokki haikupanda, ndiyo ilikuwa inatisha. "Ukaniandika. Mpaka watu wa Lapland wamenisoma. Binamu yangu wa Uswidi kanipigia simu ya pole, kadhani nimefilisika."

"Nimeandika kweli tupu. Nyama nimesifu. Jamu nimesifu."

"Haya." Orvokki akageuka, akawaangalia wote, tangu mlangoni mpaka kwenye rafu za mafuta ya breki. "Wako hapa watu wazima. Kama yupo mwingine, hata mmoja, anayesema supu yangu haina chumvi, aseme sasa. Akikosekana, wifi, basi ni ulimi wako. Hicho kiti utakiacha na hutakikalia tena."

Nimewahi kukaa kwenye vyumba vya kimya. Nimefanya mitihani ya mdomo chuo kikuu. Lakini kimya kile kilikuwa cha daraja lake. Ulisikia friji ya soda ikiwaza. Mchungaji alikuwa anachunguza njegere moja kana kwamba ina maandishi. Kaarina alikuwa ameinama. Taisto alikuwa na mkono mmoja chini ya meza, kama kawaida yake.

Maire hakumwangalia yeyote, wala hakumwomba mtu. Alichota kijiko cha pili, akatafuna, akameza. "Haina chumvi," akasema. Cha tatu. "Haina." Cha nne. "Hii nayo haina." Masikio yake yalikuwa mekundu, supu inadondokea koti la kanisani, lakini alikuwa amedhamiria kufika chini ya sahani ile na kuisomea hukumu kijiko kwa kijiko, na akishafukuzwa awe ameshiba.

Kwenye kijiko cha saba hivi, mzee Taisto alitoa mkono chini ya meza. Mkononi alikuwa na kopo dogo jeusi, lile la filamu za kamera za zamani. Akaliweka mezani. Akafungua kifuniko. Ndani palikuwa na chumvi.

"Mzee Taisto?" alisema Orvokki.

"Tangu mwaka ule wa mafuriko," alisema Taisto. Hiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa.

Mchungaji akakohoa, akatoa kasha la miwani. Halikuwa na miwani. Jamaa mmoja pale kwenye rafu akatoa kijifuko alichokikunja ndani ya kofia. Mwanamke wa duka la mbegu alikuwa na chupa ya manukato isiyo na manukato. Ikawa kama watu wanaosalimisha silaha. Kila mmoja kwa miaka yote alikuwa ananyunyiza kwa siri chini ya meza, akiona aibu, akiamini ni yeye pekee mwenye ulimi mwovu na wengine wote wanaifurahia supu ile, maana mbona wamenyamaza?

Akabaki Kaarina. Orvokki alimsimamia. "Na wewe?"

Nesi akafungua mkoba, akaugeuza. Vikamwagika vijipakiti vya chumvi vya kwenye ndege, rundo zima, vya safari zake zote za Visiwa vya Kanari.

"Kaarina! Cheti kile hukukigongea msumari wewe mwenyewe?"

"Cheti ni cha kazini," alisema Kaarina, karibu kulia. "Ulimi ni wangu."

Orvokki akavuta kiti cha meza ya jirani, akakaa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Mimi mwenyewe siipendi," alisema. "Tangu siku ile ya kwanza. Nikimaliza kuipika, nyumbani nakula soseji. Nilifikiri ninyi ndio mnaitaka hivi. Nikasema, haya, kama ndivyo wanavyotaka, mimi nani?"

"Mjinga," alisema Maire.

"Na wewe?"

"Na mimi."

Orvokki akaenda jikoni, akarudi na boksi la chumvi la kilo, akalipiga juu ya meza ya dirishani hata vijipakiti vikaruka. Kisha akaiona ndoo ya deki sakafuni karibu na mguu wa Maire, akaiinua, akaondoka nayo bila neno. Maire akatia chumvi, akakoroga, akala. Mtu wa rafuni akasema, "Inalika," na watu wakamgeukia, wakidhani amelewa.

Ijumaa Maire aliandika mara ya pili. "Alhamisi. Chumvi ipo." Basi.

Sasa hapo ndipo nchi ilipopata wazimu. Magazeti yakainukuu, yakasimulia na kisa cha ndoo. Watu wakawa wanaendesha gari nusu siku kuja kuonja supu yenye chumvi ya kawaida, na kupiga picha ndoo. Afisa maendeleo, yule wa masikitiko, akagundua kwamba tangu mwanzo halmashauri iliiunga mkono blogu hii. Na kabla theluji haijayeyuka, Alhamisi moja, aliingia Njiapanda akiwa na keki, mpiga picha, na Tuukka mwenye skafu mpya.

Tuukka alipanda juu ya kiti. Alitangaza, mbele ya walaji wote, kwamba blogu ya "Alhamisi" imeteuliwa kuwa sauti rasmi ya vijiji vya mkoa. Kwamba mtaani na mitandaoni maelfu wanangoja andiko la tatu. Kwamba mpango mkakati umeshaandaliwa, wenye nguzo nne na kauli mbiu, kuelekea upeo mpya wa ujasiri wa Kifini. Afisa akapiga makofi. Mpiga picha akapiga magoti.

"Na sasa, mama Maire," alisema Tuukka, sauti imejaa machozi ya kitaaluma, "mwenyewe utuambie. Kuanzia hapa, blogu inaelekea wapi?"

Maire alikuwa anafuta sahani kwa mkate mweusi. Alimaliza kwanza.

"Haiendi popote. Chumvi ipo."